Gari Fupi Langoni kwa Wakwe

Wewe unayesoma, vuta kiti, na kama una chai mkononi iweke chini kwanza, maana sitaki baadaye useme ni mimi niliyekumwagia. Ninakusimulia siku niliyolala chali kwenye vumbi la boma la wakwe zangu nikiwa nimevaa suti ya kijivu, kichwa ndani ya madigadi ya gari (lile bati la juu ya tairi), na mama mkwe amesimama upande wa pili akizungumza juu yangu kana kwamba mimi ni jiwe lililoanguka kutoka Mlima Elgon. Aibu yake bado ninaihisi masikioni. Na yote hayo yalianza kwa kuzungusha ringi mbili za chuma, taratibu, kwa furaha, huku nikipiga mluzi.

Nianze mwanzo. Mimi ni mwalimu wa udereva hapa Kitale. Kazi yangu ni kukaa kiti cha abiria na kueleza mambo kwa upole wakati mtu mwingine anajaribu kutuua sote wawili. Gari la shule ni refu, jeupe, zee, lina kibao kikubwa juu ya paa, na linapanda kilima kama bibi anayetoka sokoni na mzigo. Kwa hiyo unaweza kuelewa kwa nini, baada ya miaka ya kujinyima, nilinunua kagari ka spoti kalikotumika, ka milango miwili, rangi ya bluu, injini ndogo lakini yenye hasira. Nilikapenda hadi wanafunzi wangu wakaanza kukaita shemeji.

Tatizo lilikuwa moja. Kalisimama juu mno. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikaa kule Endebess (ni kwetu, barabara zake ninazijua) na alikuwa ameliwekea springi ndefu ili lipite kwenye matope. Mwanafunzi wangu mmoja aliliangalia akasema, "Mwalimu, hii gari iko sawa, lakini imesimama kama mbuzi ameona chui." Darasa zima likacheka. Nilicheka nao, nikaenda nyumbani, sikulala vizuri.

Ndipo nikamwendea fundi Barasa, rafiki yangu tangu shule ya msingi, mwenye gereji nyuma ya soko. Barasa ni mtu wa kuchangamka kama mimi, na hapo ndipo hatari ilipokuwa, kwa sababu wawili tukichangamka pamoja hakuna anayebaki kushika breki.

Tulikaa juu ya matairi makuukuu tukachagua. Na hapa nisimame kidogo nikueleze, maana watu wengi huchanganya. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shoki kazi yake ni kuituliza springi, isirukeruke kama godoro la watoto. Ukitaka gari liwe chini una njia tatu. Unaweza kufunga springi fupi ukaacha shoki zile zile za zamani, lakini shoki itakuwa imebanwa kabla hata hujaondoka nyumbani, na kila shimo litakupiga kiunoni. Unaweza kununua shoki zenye kitufe juu, ukizungusha kinakaza au kinalegeza, lakini hicho hakishushi wala hakiinui gari, kinaamua tu litatulia kwa haraka gani. Au unaweza kununua seti kamili, springi na shoki zilizotengenezwa pamoja, shoki ikiwa na nyuzi kama bolti kubwa na ringi inayokalia springi: ukiishusha ringi gari linashuka, ukiipandisha linapanda.

"Hiyo ya tatu," nikasema.

"Hiyo ya tatu," Barasa akasema wakati huo huo, na tukapeana mikono kama tumefunga ndoa.

Zilipofika zilikuwa nyekundu. Nyekundu kabisa! Barasa alizifuta kwa shati lake mwenyewe. Tulizifunga siku nzima, tukashusha ringi kwa kipimo cha wastani, halafu tukatoka kuzijaribu, sisi wawili tu ndani ya gari, kwenye barabara ya Kachibora. Sijui nikuelezeje. Ile kona ambayo gari la shule huinama hadi wanafunzi wanashika Biblia, hili lilipita limenyooka kama rula. Nikageuza, nikaipita tena. Barasa alikuwa anapiga dashibodi kwa kiganja akisema, "Bana! Bana!" na mimi, mtu mzima, mwalimu, nilikuwa ninacheka peke yangu kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Sasa ingia kwenye jambo lenyewe.

Mchumba wangu anaitwa Nasimiyu, anauza dawa za mifugo hapa mjini, na kwao ni upande wa Bungoma, mbele ya Chwele. Mimi ni Msabaot, wao ni Wabukusu, majirani wa mlima mmoja, kwa hiyo mengi tunaelewana. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kupeleka wazee wangu nyumbani kwao kuomba rasmi. Nasimiyu alinipa somo mapema, na safari hii mwanafunzi nilikuwa mimi.

"Nisikize," aliniambia. "Mama hutamwona. Kwetu mkwe na mama mkwe hawaangaliani machoni, hawasalimiani, hawakai nyumba moja. Atakuwa kwa jirani ng'ambo ya barabara hadi muondoke. Wazee watasema ndiyo yao, lakini ya mwisho ni ya mama. Akikubali, atatuma kuku wake aletwe kwenye gari. Usipoona kuku, usiulize. Endesha tu."

"Na nisipoona kuku inamaanisha nini?"

"Inamaanisha bado anafikiria. Na mama akifikiria, dada yangu mkubwa alikaa miaka akingoja." Halafu akaniangalia. "Na ukuje na gari ya shule."

"Na kile kibao cha mwanafunzi juu ya paa? Wakwe wasome nini?"

"Kuja nayo, nimekuambia."

Sikumsikiliza. Asubuhi ya Jumamosi nilitoka nje nikakatazama kagari kangu kwenye jua, bluu na nyekundu ikichungulia ndani ya tairi, na nikaona nyuma kumeinuka kidogo kuliko mbele. Kidogo tu, hata wewe usingeona. Nikatoa jeki, nikatoa ile spana ya ringi yenye ncha kama kulabu, na nikaishusha nyuma. Mzunguko mmoja kila upande. Nikalitazama. Nikaongeza mwingine. Sasa lilikaa kama chui aliyejikunja, na hapo ndipo nilipopiga ule mluzi.

Nilikuwa nimepanga, usidhani sikupanga. Wazee na zawadi zetu, sukari, mablanketi, kreti za soda, vyote viliingia kwenye pikapu ya binamu yangu. Mimi nilibeba mtu mmoja tu, mjomba wangu Kiboi, msemaji wa ukoo, mwembamba kama fito. Tuliteleza kupitia Kiminini na Kamukuywa, na kwenye kila tuta nililipitisha gari kimshazari, tairi moja baada ya nyingine, kama ninavyofundisha.

"Hii gari ni nzuri," Mjomba Kiboi alisema, magoti yakiwa karibu na kidevu. "Ila ninaona kama tumekaa barabarani yenyewe."

Tulipofika, boma lote lilitoka. Langoni palikuwa na kizingiti cha saruji, kile cha kuzuia maji ya mvua yasiingie uani, na nikakipita kimshazari bila hata kukwaruza. Wekesa, kaka yake Nasimiyu, alilizunguka gari mara mbili akiwa ameshika kichwa. "Mulamwa," akaniita, yaani shemeji, na moyo wangu ukaruka, "hii umetoa wapi? Ati iko na shoki nyekundu!" Nilianza kumweleza ringi na kitufe, na Mjomba Kiboi ilibidi anivute koti ili tuingie ndani.

Mazungumzo yalikwenda vizuri mno. Mjomba alisema maneno yake, baba mkwe akasema yake, Senge akakohoa pale penye kukohoa. (Senge ni shangazi yake Nasimiyu, dada wa baba yake, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka mtoni, na ndiye aliyekuwa anapeleka na kuleta maneno ya mama mkwe kutoka kwa jirani.) Tulikula kuku na ugali hadi mkanda ukalalamika. Wazee walisema ndiyo. Lakini Senge alikwenda ng'ambo akarudi, akaenda akarudi, na kila aliporudi nilimtazama mikono. Hakuwa na kuku.

Ukafika wakati wa kuondoka. Pikapu ilitoka kwanza na wazee wangu wengine. Mimi nikashika mlango wa gari, na nikaona vijana wanakuja uani na gunia la mahindi. Gunia zima, limeshonwa.

"Weka kwa ile pikapu," nikasema haraka, "haijafika mbali."

Senge akasimama. "Mkwe, hii ni yako. Ya mkwe inaenda na mkwe."

Buti la gari la spoti si buti, ni kabati la viatu. Walilisukuma gunia kwa magoti hadi likaingia. Ukafuata mkungu wa ndizi, ukalazwa kiti cha nyuma. Ukafuata mfuko wa maharage. Likafuata paja la ng'ombe limefungwa kwa majani ya mgomba, likalazwa juu ya ndizi kama mgonjwa. Kila kitu kilipoingia nilisikia springi zangu nyekundu zikitoa pumzi. Nilikuwa ninasema, "Asante, asante sana," kwa mdomo, na moyoni ninasema, shuka kidogo tu, usishuke zaidi. Kuku bado.

"Na mimi ninawasindikiza hadi barabarani," akasema Senge, na kabla sijavuta pumzi akainamisha kiti cha mbele, akajipenyeza nyuma karibu na ndizi, akajiweka sawa. Gari likakaa chini. Nilichungulia nyuma. Kati ya tairi na madigadi hapakuwa na nafasi ya kupitisha hata kidole, na mimi, ambaye kila Jumatatu huwaambia wanafunzi kwamba gari lenye watu si gari lile lile, niliingia, nikawasha, nikaagana na baba mkwe aliyesimama barazani na fimbo yake, na nikaelekea langoni huku nikitafuta kuku kwa pembe ya jicho.

Kimshazari hakukuwezekana, kwa sababu vijana walikuwa wamejipanga upande mmoja kupunga mikono. Nikaenda moja kwa moja. Tairi za mbele zikavuka kizingiti, zikashuka upande wa barabara. Halafu tukasikia sauti. Nimeisikia mara nyingi kwa wanafunzi, ila hii ilikuwa ndefu, kama mtu anayekwangua sufuria ya ugali iliyoungua. Gari likasimama. Nikakanyaga mafuta. Tairi za nyuma zikazunguka, vumbi likawafunika waliokuwa wanapunga. Nikatia rivasi. Hakuna. Tumbo la gari lilikuwa limekalia kizingiti, nusu uani, nusu barabarani, langoni katikati, mahali pekee pa kuingilia na kutokea katika boma lote.

Wekesa akasema kwa upole kabisa, "Mulamwa, gari imekataa kuondoka. Imependa hapa."

Watoto walianguka kwa kicheko. Nasimiyu alikuwa mlangoni pa jikoni ameziba mdomo kwa kanga, mabega yanatingishika, na nilijua ile "nimekuambia" itanifuata hadi uzeeni.

"Tushushe mzigo," nikasema, nikifungua mlango. "Dakika moja tu, tutapakia tena huko nje."

Mkono wa Mjomba Kiboi ulinishika kama koleo. Alininong'oneza akitabasamu kwa ajili ya wanaotazama, na tabasamu hilo lilinitisha kuliko maneno. "Wewe. Buti iko wapi?"

"Nyuma."

"Nyuma ni wapi? Ni ndani ya boma yao. Kitu ya wakwe ikishuka ndani ya boma, imerudishwa. Toa hata ndizi moja hapa, mzee aone, tumekataa msichana. Na mama yake hata hajasema ndiyo."

Nikamtazama baba mkwe. Hakuwa anacheka. Alikuwa anatazama buti.

Senge alisikia yote, maana hakuna kunong'ona ndani ya gari dogo hivyo. "Mimi si zawadi," akatangaza, "mimi ninashuka," Mjomba Kiboi akatoka kumpisha, naye akateremka, na gari likainuka kidogo kama ng'ombe aliyekamuliwa. Lakini halikutoka.

"Si ukaze hizo shoki?" Wekesa akasema. "Ulisema iko na kitufe."

Na mimi (unisamehe, ni ugonjwa) nikaanza kumfafanulia, langoni, nimeziba nyumba ya watu, "Hapana, mulamwa, kitufe hakiinui gari, kinachoinua ni ringi, sasa ukitazama pale chini ya springi..." hadi Mjomba Kiboi akakohoa kikohozi kimoja ambacho kwetu Endebess hata mbwa hukielewa.

Lakini katika kueleza ndipo nikapata jibu. Ringi! Nilizishusha mwenyewe asubuhi, ninaweza kuzipandisha mwenyewe sasa. Mzigo ukae pale pale, gari ndilo liinuke. Nilifurahi hadi nikapiga makofi. Kisha nikakumbuka jeki na spana vilipokuwa. Ndani ya buti. Chini ya gunia.

Hapo ukafanyika mjadala mzito kuliko ule wa mahari. Je, gunia likiinuliwa ndani ya buti, bila kutoka, limeshuka? Mjomba Kiboi alisema kuinuka si kushuka. Senge alikwenda barazani kuuliza, akarudi: mzee amesema mradi mahindi hayaoni nje. Basi Wekesa na binamu yake wakaliinua gunia pembeni, mishipa imewatoka shingoni, na mimi nikapitisha mkono kama mwizi wa mayai hadi nikapata spana, kisha jeki, na Senge akiwa amesimama hapo akisema, "Polepole! Polepole! Lisichungulie!"

Jeki haikuingia. Gari lilikuwa chini kuliko jeki. Vijana wakashika nyuma, wakainua kwa mikono huku wakiimba, nami nikaisukuma jeki ndani, tukaweka mawe makubwa pande zote (usiwahi kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, tafadhali, hata kama ni siku ya posa), tukatoa tairi. Nikalala chini na suti yangu. Springi ilikuwa imening'inia imelegea, na ringi ikazunguka vizuri, tamu kabisa, chuma juu ya chuma. Nikaipandisha, nikaipandisha. Upande wa kwanza ukaisha. Vijana wakashangilia. Tukahamia wa pili, na nilikuwa nimeshaanza kuona aibu yangu ikigeuka hadithi ya ushujaa, pale niliposikia Senge akipaza sauti:

"Uwiii! Usisimame! Mkwe, usisimame! Anakuja!"

Mama mkwe alikuwa amesikia injini ikiunguruma, akadhani tumeondoka. Sasa alikuwa anavuka barabara kurudi kwake, na lango lake lilikuwa limezibwa na kagari ka bluu.

Fikiria nilipokuwa. Gari la kawaida lingenificha hata nikiwa nimesimama na kofia. Langu nililishusha mwenyewe, liliishia karibu na kifua. Nikisimama, tungetazamana ana kwa ana juu ya paa, mkwe na mama mkwe, siku ya kwanza. Kwa hiyo nilibaki chini, uso ndani ya madigadi, spana mkononi, sijui kama nipumue. Nikaona miguu yake kupitia chini ya gari, viatu vyeusi vya kanisani, vikasimama upande wa barabara.

"Senge," ikasema sauti ya mwanamke, tulivu mno, "hiki ni nini langoni kwangu?"

"Ni gari ya mkwe."

"Mkwe mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko. Amelala."

"Amelala?"

"Chini ya gari. Anatengeneza."

Kicheko cha Nasimiyu nilikisikia kutoka jikoni. Halafu ile sauti ikasema, "Muulize kwa nini hashushi mzigo. Si gari ni nzito? Ashushe, atoke, anirudishie njia."

Senge akainama karibu na sikio langu, akapiga kelele kana kwamba niko Kapsokwony. "Anauliza kwa nini hushushi mzigo!"

Nilikuwa nimesikia kila neno, tuko hatua chache tu. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Vumbi lilikuwa kwenye meno. "Mwambie," nikasema, "vitu hivi nimepewa. Nikivishusha humu nimevirudisha. Mwambie gari ndilo lenye makosa, si mzigo. Ninalipandisha gari."

"Anasema gari ndiyo iko na makosa!"

"Nimesikia." Viatu vikasogea kidogo. "Muulize ni nani aliyeishusha hivyo."

"Mwambie ni mimi."

"Kwa nini?"

Hapo Senge hata hakurudia, alinitazama tu, naye pia anataka kujua. Ningesema nini? Kona ya Kachibora? Chui aliyejikunja? "Mwambie," nikasema, "nililipima likiwa tupu. Sikufikiria nitakachopewa."

Viatu havikusogea. Nilisikia ng'ombe. Nikafikiria dada mkubwa wa Nasimiyu na miaka yake ya kungoja, nikafikiria nikirudi Kitale na mahindi na ndizi bila jibu. Kisha nikasikia sauti ya ajabu, ndogo, ya kunung'unika, si ya binadamu, na nikajua ni nini kabla sijaelewa. Kando ya viatu vile vyeusi likashuka kapu, na ndani ya kapu, kupitia matundu, jicho moja la mviringo likanitazama.

"Muulize," sauti ikasema, na safari hii kulikuwa na kicheko kimejificha ndani yake, "kuku wangu atakaa wapi?"

Niliruka. Kweli niliruka, na kichwa kikagonga madigadi, ngo! Sauti ikafika hadi barazani. "Mwambie atakaa mbele!" nikapiga kelele. "Mwambie kiti cha mbele!"

"Na mimi?" Mjomba Kiboi akauliza.

"Utampakata!"

Senge alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika Chwele. Mama mkwe akarudi kwa jirani bila kuharakisha, viatu vikavuka barabara, na baba mkwe, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akacheka, kicheko kikavu cha kupigapiga fimbo chini. Mimi nikaendelea kupandisha ringi. Nilipandisha hadi nyuzi zikaisha, sikujali tena chui wala mbuzi. Tulipoliteremsha kutoka kwenye jeki, gari lilisimama nyuma juu, pua chini, kama mbwa anayenusa shimo la panya, na nilipowasha, tumbo likavuka kizingiti bila hata kugusa. Nje ya lango nikasimama, Mjomba Kiboi akaingia, akapewa kapu, na kuku akamkalia mapajani kama msemaji mwenzake.

Tulirudi Kitale hivyo hivyo, matako juu. Pale Kiminini kijana mmoja wa bodaboda alitutazama, akatazama tena, akasema, "Mzee, gari yako inasujudu!" na Mjomba Kiboi akamjibu kupitia dirishani, kwa heshima zote za ukoo, "Ndiyo, inatoka kwa wakwe."

Barasa alicheka hadi akakaa chini kwenye oili. Kisha tukaanza upya, na safari hii tuliliweka gunia lile lile ndani ya buti, Nasimiyu akakaa nyuma, mimi nikakaa mbele, na kuku (ndiyo, na kuku) kwenye kapu lake, kabla ya kushika spana. Liko chini bado, zuri bado, kona ya Kachibora bado ninaipita nikicheka peke yangu. Harusi ilifanyika, na siku ile nilienda na gari la shule, kibao juu ya paa, na hakuna aliyelalamika.

Kwa hiyo nawe ukitaka kulishusha gari lako, lishushe, ni raha ambayo siwezi kukunyima. Nunua springi na shoki zilizotengenezwa pamoja. Lakini kabla fundi hajakaza ringi, jaza gari watu wote na mzigo wote utakaobeba siku ile utakayobeba zaidi, liendeshe juu ya tuta baya kuliko yote ya mtaa wenu, kisha shuka utazame kama kiganja chako kinapita kati ya tairi na madigadi. Kisipopita, pandisha ringi.